Mgongoni mwa Kamet

Mimi sijui kutulia. Mama alikuwa akisema nilizaliwa na siafu miguuni, na hakukosea. Kanisani goti langu linacheza mpaka jirani anahama kiti. Nikisubiri maziwa yachemke, nafagia uwanja mara mbili. Na nikiingia kwenye majani watu wananipisha, kwa sababu mikono ya Chepkurui inajulikana pande zote za Kaplong. Mstari ambao wengine wanaumaliza saa sita, mimi saa nne nimeshaufunga na natafuta mtu wa kugombana naye.

Kwa miaka kumi na miwili mtu huyo alikuwa Mathew, mume wangu.

Mathew ni mrefu, mpole, na anachuna chai kama mtu anayemvua soksi mtoto aliyelala. Mimi nachuna kwa mikono miwili kwa pamoja na kuyatupa majani kikapuni juu ya bega bila kuangalia. Yeye husimama mbele ya kichaka akakiangalia. Akishaangalia vya kutosha, anachagua majani mawili na chipukizi, anayashika kwa nyama ya vidole, si kwa ukucha, anayakunja kidogo, yanakatika. Halafu anaangalia tena. Nilikuwa nikimwona kutoka mwisho wa mstari na damu inanichemka. Watu wakiniambia haraka haraka haina baraka, niliwajibu kwamba baraka haipandi kwenye mizani ya senta.

Na ni hapo senta, tunapopeleka majani kupimwa, ndipo nilipoharibu. Ilikuwa Jumanne ya mwezi wa tatu mwaka jana. Mvua ilikuwa imeanza na chai imefumka mpaka vichaka vimekuwa vya kijani kibichi juu. Foleni ilikuwa ndefu. Chege, karani wetu, akatundika kikapu cha Mathew, akasoma kilo nne na nusu, akarudia kusoma kwa kudhani mizani imekwama. Kazi ya kutwa nzima! Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "Baba Shirley, hata konokono saa hii angekuwa ameenda Bomet, amenunua sukumawiki na amerudi."

Foleni nzima ilicheka. Chege aliweka kalamu chini ili acheke vizuri. Mathew alichukua kikapu chake kitupu, akakikung'uta, akaenda nyumbani. Mimi nilicheka kuliko wote, na nasema hivyo kwa sababu ni kweli na inaniuma.

Kesho yake alfajiri alivaa gamboti na ile eproni ya plastiki ya kuzuia umande. Akaniambia, "Naenda kwa Zacheus. Kule majani yanaharibika bure. Nitaongeza kilo."

Huku kwetu mtu hagusi mstari wa mwenzake. Unaweza kumkopa jirani chumvi, jembe, hata ng'ombe wa kulima, lakini ukinyoosha mkono ukachuna upande wake, mzee wa kijiji ataitwa. Ila shamba la Zacheus halikuwa na mwenyewe. Marehemu aliwaachia watoto walioko ng'ambo, watoto wakagombana, na kwa miaka thelathini chai ile haikupogolewa wala kuchunwa. Usipoichuna, chai hukumbuka kwamba ni mti. Ile ilikuwa imepita paa la kanisa. Mathew hakuwa mtu wa kuingia kwa watu, na mimi nilijua ni ulimi wangu uliompeleka. Nikamwacha aende.

Hakurudi.

Nilimtafuta siku tatu. Siku ya kwanza nilikasirika, ya pili nikaogopa, ya tatu nikachanganya yote mawili. Chege akaniambia, kwa ile huruma yenye utamu ndani yake, "Mama Shirley, usilie. Si watu wanasema ako Kedowa? Eti ako na mama mmoja wa viazi, Priscillah." Nilikwenda Kedowa. Nikampata huyo Priscillah kando ya barabara, nikapindua debe lake la viazi na kumwita majina ambayo siwezi kuyaandika. Mama wa watu alikuwa na mume wake amesimama pale pale nyuma ya gunia. Tuliokota viazi vile pamoja, kimoja kimoja, mimi nikiomba msamaha.

Asubuhi ya nne nilivaa gamboti na eproni yangu, nikachukua panga na kikapu, nikaingia kwa Zacheus. Kikapu nilikibeba kwa mazoea tu. Ndani kulikuwa na kiza cha majani na ukungu. Nikaanza kuangalia matawi ya chini, yale ambayo mkono unaweza kuyafikia, na nikaona vikonyo vilivyokatika safi, bila alama ya ukucha. Mchunaji anaijua kazi ya mwenzake jinsi mwalimu anavyojua mwandiko wa mtoto. Mathew alikuwa amepita hapo. Nikafuata, kikonyo hadi kikonyo, mpaka kwenye miti miwili mikubwa iliyosimama bega kwa bega. Ukungu kila mahali ulikuwa ukitembea. Kati ya miti ile ulikuwa umesimama. Kikonyo cha mwisho kilikuwa upande wa pili wa ukungu huo, nakiona lakini hakilowi kama vingine.

Mtu mwenye akili angerudi kuita watu. Mimi nilipita.

Nilianguka nje kwenye mwanga. Juu kulikuwa na majua mawili, moja kubwa la manjano na moja dogo la kijani, na anga nzima ilikuwa na rangi ya maziwa lala. Mbele yangu, kulia na kushoto, mpaka macho yalipochoka, ilikuwa chai. Vilima juu ya vilima vya chai, sawa kama meza, hakuna nyumba, hakuna barabara, hakuna mkaratusi hata mmoja. Yangeyange wakubwa kama lori walikuwa wakitua na kupaa mbali kule. Nilisimama mdomo wazi. Nikaita, "Mathew! Baba Shirley!" Nikatembea huku naita, nikaangalia huku na huku, na kwa muda huo wote sikujua kwamba mikono yangu ilikuwa kazini.

Haya ndiyo makosa ambayo mtu wa Nairobi hawezi kuyafanya. Mpitishe mchunaji karibu na chai iliyofumka na mikono itachuna yenyewe, hata akienda mazishini. Nilishtuka kikapu kikiwa nusu. Na nilishtuka kwa sababu ardhi ilitetemeka, ukaja mtikisiko mfupi, mkali, ukapita kutoka miguuni pangu mpaka kilima cha mbele na kurudi. Nimefuga ng'ombe maisha yangu yote. Najua ngozi inavyofanya nzi akitua.

Nikapiga magoti, nikaweka kiganja kwenye udongo kati ya vichaka. Haukuwa udongo. Ulikuwa na joto, na ulikuwa ukipanda na kushuka polepole.

Sikupata nafasi ya kupiga kelele, kwa sababu kupe alitokea. Nasema kupe, wala sitii chumvi: mkubwa kama tangi la maji, wa rangi ya kahawia, miguu minane, hana macho, anatembea akiinua ile miguu ya mbele hewani kunitafuta. Mtikisiko ulikuwa umemwamsha. Nilikimbia, akanifuata, na chai ikanikamata eproni. Akanipata. Miguu yake ya mbele ilinikumbatia mgongoni, nikasikia pumzi yake yenye harufu ya damu iliyolala. Nikafungua kamba ya eproni, nikateleza chini na kumwachia plastiki. Akaikumbatia. Alipokuwa akitafuta mdomo wa kuipeleka, nilimpiga panga kwenye maungio ya mguu, mara tatu, upande mmoja, nikimtukana kwa Kipsigis na Kiswahili na kile Kikikuyu kidogo nilichopata sokoni. Akaegemea, akaviringika, akalala chali huku miguu ikichapa hewa. Kupe akilala chali hana ujanja.

"Umemaliza kelele?" mtu akasema nyuma yangu.

Alikuwa bibi mzee, peku, amevaa ngozi, masikio yametobolewa na kuning'inia kama zamani. Alinong'ona. Alisema Kipsigis, lakini kile cha kina, kile ambacho marehemu nyanya yangu alikuwa akikitumia kusali. Nilimsalimu, "Chamgei, Kogo," jinsi tunavyowaita mabibi, na akafurahi kidogo kwamba nina adabu. Jina lake lilikuwa Tapkigen.

"Wewe ndiye uliyemchuna Kamet bila ruhusa," akasema. Kamet ni mama. "Nyumba tatu zimeanguka kwetu. Vua hivyo viatu vyako vya kelele unifuate."

Nilivua gamboti. Njiani aliniambia, akinong'ona tu, na kila mara niliposema kwa nguvu alinifinya. Watu wake, karibu mia nne, waliishi juu ya mgongo wa Kamet tangu babu zao walipopita kwenye ukungu wakikimbia njaa. Kamet analala hapo, ubavu wake umeuegemea ule mlango wa ukungu. Chai ni nywele zake. Hazimsumbui, ila mahali pamoja, pale shingo inapokutana na bega. Hapo chipukizi hufumka kila siku, na zisipochunwa zinamwasha. Akiwashwa sana atasimama. "Na akisimama," alisema Tapkigen, "sisi sote tutamwagika kama maharagwe kutoka kwenye ungo. Na mlango wenu ataondoka nao."

Walikuwa na mzee mmoja aliyejua kuchuna hapo. Mzee alikufa msimu uliopita wa mvua. Wakajaribu watu kumi na wanne, wanaume kwa wanawake. Wote walikuwa wakiogopa, mikono yao ikitetemeka, na Kamet aliwachukulia kuwa kupe. Alikuwa ameshainua goti moja la mbele siku ile mgeni mrefu alipotoka kwenye ukungu na kikapu, akaangalia kichaka, akaangalia tena, akaanza kuchuna.

"Alishusha goti," akasema Tapkigen. "Hatujawahi kuona mikono kama ile."

Nilidhani tunazungumza juu ya mtu mwingine.

Tulimkuta kwenye mteremko wa bega. Amesimama vile vile anavyosimama nyumbani, shati lile lile la bluu, ndevu za siku nne, na mbele yake meza ya chai yenye chipukizi nyekundu kwa chini. Aliangalia chipukizi, akalishika, akalikunja, likakatika. Chini yetu pumzi kubwa ilitoka, ile pumzi ya ng'ombe ukimkuna chini ya kidevu.

Nilitaka kumkumbatia. Lakini mimi ni mimi, na mdomo wangu ulitangulia. "Mathew! Wewe unachezea akili yangu? Siku nne! Shirley analia, mdogo wake hali chakula, mimi nimepindua viazi vya watu Kedowa, kumbe uko hapa unakuna ng'ombe! Kuja twende!"

Bega lote lilitikisika. Nikaanguka. Mathew hakuanguka, na mkono wake haukuacha kazi.

"Mama Shirley," akasema kwa sauti ya chini, bila kugeuka, "punguza sauti. Anakusikia. Nimefurahi sana umekuja."

"Ukifurahi si utembee? Mlango uko pale."

"Naenda aje? Angalia kule chini."

Niliangalia. Kule chini kwenye bonde la mgongo kulikuwa na nyumba za nyasi, moshi, mbuzi, na watoto waliokaa kimya sana, wote wakimwangalia mume wangu. Watoto wa pale wamefundishwa kutocheza. Hilo lilinikata maini.

"Hao si watoto wako," nikasema. Nilisema hivyo, Mungu anisamehe.

"Najua wangu ni wapi," Mathew akasema. "Kila nikichuna nawafikiria. Lakini nikiachilia hii mikono hata dakika tano, huyu anasimama. Akilala masaa machache ndio na mimi nalala kidogo, na akilala ngozi yake inafunika mlango. Akiamka, mlango unafunguka na kazi inaanza. Sina hata nafasi ya kuja kukuambia. Nilikuwa naomba tu usifikirie nimekutoroka."

Nikamwambia basi toka nishike mimi. Mimi ndiye mkono wa Kaplong nzima. Ni nani asiyenijua? Nitakipangusa hicho kipande kwa nusu saa, yeye aende akawaone watoto, halafu tutaona. Kwa miaka kumi na miwili Mathew hakuwahi kunikatalia kitu. Akasogea hatua moja kando.

Nilichuna kama ninavyochuna. Mikono miwili, kulia kushoto, ukucha ukikata, majani yakiruka begani. Nilihesabu pumzi saba. Ya nane haikuja. Kisha Kamet akanguruma, na sauti hiyo sikuisikia kwa masikio bali kwa meno. Mteremko uliinuka mbele yangu ukawa ukuta. Niliona anga ya maziwa chini ya miguu yangu. Nyumba zilibomoka kule bondeni, mbuzi wakaviringika, wanawake wakashika watoto kwa nywele, kwa mkono, kwa chochote, na hakuna aliyepiga kelele, hata mtoto mmoja. Nilikuwa naning'inia kwenye kichaka kwa mkono mmoja.

Mathew alitambaa. Hakuja kwangu. Alikwenda kwenye chipukizi, akalala kifudifudi juu ya ukuta ule, akaangalia, akashika moja, akalikunja. Likakatika. Akaangalia tena. Nilimwona anavyofanya, karibu kabisa na uso wangu, na kwa mara ya kwanza katika ndoa yetu nilifuata macho yake yanakokwenda. Alikuwa akingoja. Chipukizi lina wakati wake wa kulegea, mfupi tu, pale umande unapoteremka kwenye kikonyo. Alikuwa akingoja wakati huo, kila chipukizi, kila mara. Miaka yote ile nilidhani amelala.

Kamet alishuka polepole sana, mpaka miguu yangu ikakanyaga tena.

Nililia. Sikujificha. Nilimwambia, "Nisamehe kwa ile maneno ya senta. Nisamehe kwa yote." Akasema aliyasamehe akiwa bado njiani kwenda kwa Zacheus. Akasema pia, "Lakini iliniuma, Mama Shirley," na hilo lilikuwa neno kali kuliko yote aliyowahi kuniambia.

Tukazungumza yeye akichuna. Mmoja wetu lazima arudi kwa watoto, na aliyeweza kurudi nilikuwa mimi. Hakuna aliyetaka kulisema, basi Tapkigen akalisema kwa niaba yetu. Mathew aliniambia, "Nenda. Jifunze. Ukiweza kushika hapa, tutapokezana. Usipoweza, basi, walee vizuri." Nikashika gamboti zangu mkononi, nikaenda peku mpaka mlangoni. Niligeuka mara moja. Yeye hakugeuka, kwa sababu hakuweza.

Nyumbani niliwaambia watu amepata kibarua mbali. Chege alikohoa. Sikumjibu, na hilo peke yake liliwatia wasiwasi.

Nikaanza kujifunza. Wewe uliyezaliwa mtulivu huwezi kujua ni mateso gani. Nilisimama mbele ya kichaka changu mwenyewe na kukiangalia, na ndani ya dakika moja kisigino kilikuwa kikigonga chini. Nilijaribu kuimba nyimbo za kanisa polepole. Mikono ilimaliza mstari kabla ya ubeti wa pili. Nilifunga mkono wa kushoto kwa kitambaa. Nikakata kucha mpaka nyama. Nililia kwa hasira, nikapiga teke kikapu, nikakiokota, nikaanza tena. Mwezi wa tano nilipeleka senta kilo sita, mimi Chepkurui, na foleni ikacheka mpaka mtu akakaa chini. Mwanamke mmoja akauliza kama nimerogwa. Nilisimama pale uso ukiwaka moto, nikajua Mathew alisikia nini Jumanne ile. Sikuweza kula siku hiyo.

Kila asubuhi, kabla ya kukamua, nilikwenda kwa Zacheus kuangalia ukungu kati ya miti miwili. Umesimama: Mathew yuko hai na Kamet hajainuka. Nilipokuta ukungu unatembea, sikujua kama Kamet amepata usingizi au ameondoka na mlango, nikakaa pale mpaka alipoamka kule na ukasimama tena. Mara mbili niliingia kujaribu. Mara ya kwanza nilishika chipukizi nne tu bega likaanza kutikisika. Mara ya pili kumi na moja. Mathew alikuwa amekonda. Mashavu yameingia ndani, na mikono yake imekuwa myeusi kwa utomvu mpaka kwenye kiwiko. Nilirudi nyumbani nikafanya mazoezi mpaka mvua ikanifukuza.

Shirley ndiye aliyenivusha bila kujua. Ilikuwa mwezi wa tisa, likizo. Ana miaka kumi. Alisimama karibu nami kwenye mstari, akauliza, "Mama, baba alikuwa anaangalia nini kwa majani?"

Nikasema nitamwonyesha. Nikaanza kumwelekeza umande kwenye kikonyo, jinsi unavyoteremka, jinsi jani la pili linavyolegea kabla ya la kwanza. Nilimwonyesha moja, halafu lingine. Akauliza maswali, nikajibu. Tulipoinua vichwa jua lilikuwa utosini na tulikuwa tumechuna kichaka kimoja. Kisigino changu hakikuwa kimecheza hata mara moja. Niliketi pale pale chini kwenye matope kwa mshangao.

Siku ya pili nilimwachia Chepkemboi, dada yangu, watoto, nikaingia.

Nilisimama karibu na Mathew, bega kwa bega, nikaangalia vichaka mpaka nikaviona. Hakuweza kuachia kwanza nami nishike baadaye. Nafasi hiyo ndogo ingetosha kumsimamisha Kamet. Kwa hiyo tulishika chipukizi moja pamoja, vidole vyake na vyangu, tukangoja, tukalikunja. Lilipokatika, yeye aliondoa mkono na mimi nikaendelea. La pili. La tatu. La ishirini. La mia. Chini yetu pumzi ilitoka ndefu, na kule bondeni nikasikia kitu ambacho sikuwa nimekisikia pale: mtoto alicheka, akazibwa mdomo, kisha mama yake akautoa mkono.

Mathew alikuwa bado amesimama nyuma yangu. "Nenda," nikamwambia. "Shirley anakungoja. Kuna uji kwenye jiko na suruali yako safi iko kitandani."

Nilisikia nyayo zake peku zikienda. Sikugeuka, kwa sababu sikuweza.

Sasa tunafanya wiki kwa wiki. Wiki moja yeye yuko nyumbani na mimi niko kule, wiki inayofuata kinyume chake. Kijijini wanadhani sote wawili tumepata kibarua na tunapokezana watoto, na kwa kiasi fulani hawajakosea. Namfundisha Tapkigen kuangalia, na mjukuu wake mmoja ana mikono inayoweza kuja kufaa, labda baada ya miaka mitatu, labda mitano. Nilipokuwa kijana nilikuwa natamani nitoke Kaplong niende mahali pa ajabu. Nimefika. Nasimama hapo kama kigingi tangu Kamet aamke mpaka alale, na mwili wangu bado unataka kukimbia, kila saa, kila siku. Siuruhusu.

Lakini hili ndilo linaloniuma, na nitalisema. Nyumba yangu ina mume, ila mimi na yeye hatulali tena chini ya paa moja. Hatuli pamoja. Nina mambo ya miaka kumi na miwili ya kumwambia, yale niliyoyaacha nikautumia ulimi kwa mengine, na nafasi niliyonayo ni chipukizi moja kila Jumatatu, lile la kupokezana, vidole vyake na vyangu. Mwanzoni tulikuwa tukilimaliza upesi kwa woga. Sasa tunalingoja. Namwambia neno moja, ananiambia moja. Jumatatu iliyopita Tapkigen alinifinya akaninong'oneza kwamba chipukizi lile lilikuwa limelegea zamani, na sisi bado tumelishika.

"Najua, Kogo," nikamwambia. "Tuache."